Kuuza kaboni ya shamba, iko na pesa kweli?

mkulima_wa_mahindi: Habarini wadau, kuna watu wamekuja kwa kikundi chetu huku Bungoma wanasema tukiacha kuchoma mabua, tuweke matandazo na samadi, tupande miti kati ya mahindi, udongo utashika hewa ukaa halafu kampuni za ng'ambo zitatulipa kufidia moshi wao. Mimi niko na eka moja na nusu na hayo mabua ndiyo ng'ombe wangu hula kiangazi. Nisaini ama niache?

shamba_ni_mali: Hiyo si mpya huko kwenu, mradi wa shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia ulikuwa Bungoma na upande wa Kisumu na 2014 ukawa wa kwanza Afrika kupata kredi za kaboni ya udongo, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyozuiwa ambavyo kampuni hununua, tani 24,788. Sasa gawanya hiyo kwa hekta 45,000 walizolenga uone, haifiki hata tani moja kwa hekta. Pesa ya kaboni ni ya sukari tu, faida iko kwa gunia, udongo wenye mboji hushika maji mvua ikichelewa.

mama_mboji: Mabua lisha ng'ombe bila wasiwasi, bora samadi irudi shambani, isiachwe juani ikakauka. Panda kaliandra, ule mti wa malisho, kwa mpaka, ng'ombe wanaipenda sana na maziwa yanaongezeka, halafu nusu ya mabua unaweza kubakisha chini.

soma_kwanza: Mimi naogopa mkataba. Kaboni iliyokusanywa miaka kumi inaweza kutoka ukirudi kulima kama zamani na kuchoma, ndiyo maana wanataka kukufunga muda mrefu. Uliza ni miaka mingapi, nani anapima, na watoto wakigawana shamba inakuwaje. Ile sheria ya Kenya ya tabianchi ya 2023, ya asilimia 40 ya mapato ya kaboni kwenda kwa jamii, inahusu ardhi ya umma na ya jamii, wewe mwenye taito yako utapata kile kimeandikwa tu. Na hao wa ng'ambo wapunguze moshi wao kwanza, udongo nao hufika mahali ukashiba.

mkulima_wa_mahindi: Asanteni sana, nitaitisha nakala ya mkataba tusome kikundi chote kabla ya mtu yeyote kusaini. Mama, mbegu ya kaliandra naipanda tu hivyo hivyo?

mama_mboji: Loweka kwa maji baridi siku mbili kwanza, anzia kwa kitalu, mvua ikishika ndio uhamishe.