Je, nigeuze pointi zangu za Nectar kuwa Avios kwa safari ya Kenya, au nizitumie dukani?

BintiKisauni aliandika:

Ndugu zangu wana jukwaa, hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wale wanaoishi hapa Uingereza na wanaofahamu vizuri mambo ya pointi za supamaketi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua mahitaji ya nyumbani Sainsbury's na kuonyesha kadi ya Nectar kila ninapolipa, na sasa salio limefika pointi 32,000, ambazo dukani zina thamani ya pauni 160. Zaidi ya hizo nina Avios kidogo, yaani pointi za ndege za British Airways, zilizobaki baada ya safari ya zamani.

Mume wangu anasema pointi hizo tuzigeuze zote kuwa Avios, kwa sababu tunakusudia kwenda nyumbani Agosti ya mwakani pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 13. Tutashukia Nairobi kisha tutapanda treni ya SGR hadi Mombasa. Hoja yake ni kwamba pauni 160 zitaishia kwenye mafuta ya kupikia na sabuni bila kuonekana, ilhali Avios zitatupunguzia nauli. Mimi nasita, kwa sababu nimesikia watu wakilalamika kwamba tiketi hizo huitwa za bure na bado unatozwa fedha nyingi. Je, ubadilishaji huu una faida ya kweli kwa familia kama yetu?

MzeeWaLeicester alijibu:

Dada, punguzo la pauni 160 kwenye kapu la chakula ni la hakika na halina masharti ya tarehe wala ya kiti. Mimi ningezitumia Desemba, wakati matumizi ya nyumbani yanapokuwa makubwa, na fedha taslimu zitakazobaki mfukoni ningeziweka kwenye akiba ya nauli. Mume wako ana haki ya kusema kwamba akiba ya namna hiyo huyeyuka, lakini dawa yake ni kuihamisha siku hiyohiyo kwenda kwenye akaunti nyingine.

Tarakimu alijibu:

BintiKisauni, kabla ya kusema ndiyo au hapana, tuweke hesabu mezani. Pointi 400 za Nectar hugeuka kuwa Avios 250. Kwa kuwa kila pointi ya Nectar ina thamani ya nusu peni, pointi hizo 400 ni pauni 2, maana yake ni kwamba unanunua kila Avios moja kwa peni 0.8. Pointi zako 32,000 zitakupa Avios 20,000. Hivyo swali lako linakuwa jepesi zaidi kuliko linavyoonekana: je, tiketi unayoitaka itakurudishia zaidi ya peni 0.8 kwa kila Avios?

Njia ya kulijibu ni kuchukua nauli ya fedha taslimu ya safari ileile, kutoa kodi na ada utakazolipa kwenye tiketi ya Avios, kisha kugawanya kinachobaki kwa idadi ya Avios zinazotakiwa. Nitatoa mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi inauzwa pauni 620, na kwa Avios unaambiwa utoe Avios 50,000 pamoja na pauni 150. Tofauti ni pauni 470, na ukiigawanya unapata peni 0.94 kwa kila Avios. Hapo umefaidika kidogo. Sasa tuseme wiki ya pili yake shirika linatangaza punguzo na tiketi ileile inashuka hadi pauni 520. Tofauti inakuwa pauni 370, yaani peni 0.74 kwa Avios, na kwa bei hiyo ungekuwa umepoteza kwa kubadilisha. Hujakosea popote, ila bei ya soko imehama chini yako.

Ndiyo maana mimi husema usibadilishe pointi kabla hujaona kiti chenyewe, tarehe yenyewe na kiasi chenyewe kwenye skrini. Pointi za Nectar ni kama fedha taslimu ndani ya duka, lakini zikishakuwa Avios zinafuata bei ambazo shirika la ndege linaweza kuzipandisha wakati wowote, na British Airways imewahi kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Inawezekana kuzirudisha Avios kuwa Nectar, lakini soma kiwango cha siku hiyo kabla ya kutegemea mlango huo wa kutokea. Vilevile hakikisha hujawasha ile huduma ya kuzigeuza zenyewe kila mwezi.

Kwa upande wa familia yako, Avios 20,000 hazitoshi kuwasafirisha watu wanne. Kwa safari ndefu namna hii, hata tiketi moja ya kwenda na kurudi itakuhitaji uongeze fedha nyingi, na unapotoa Avios chache kwa fedha nyingi lazima uirudie hesabu ile upya, kwa sababu thamani ya kila Avios hubadilika kulingana na mchanganyiko unaouchagua.

NahodhaWaReading alijibu:

Nakubaliana na Tarakimu katika hesabu, lakini kuna faida mbili ambazo hazionekani kwenye kugawanya na kutoa. Ya kwanza ni kwamba tiketi ya Avios ya British Airways inaweza kufutwa hadi saa 24 kabla ya kuondoka, ukatozwa pauni 35 kwa kila abiria, na Avios zako zikarudi. Sisi ambao mipango yetu hutegemea ruhusa ya kazini, hali ya wazazi nyumbani na ada za shule, uhuru huo una thamani, na tiketi nyingi za bei nafuu hazina.

Ya pili ni msimu. Agosti ni msimu wa juu, hivyo Avios zinazodaiwa huwa nyingi zaidi, lakini nauli ya fedha nayo hupanda sana. Mtu akibahatika kupata kiti cha Avios katika wiki za likizo ya shule, mara nyingi thamani yake hupita hiyo peni 0.8 kwa urahisi. Tatizo ni neno hilo, akibahatika. Viti hivyo hufunguliwa siku 355 kabla ya safari na ni vichache katika kila ndege. Kwa hiyo anayeanza kutafuta Mei kwa ajili ya Agosti atakuta vimekwisha, hasa akiwa anataka vinne pamoja.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huipita. British Airways inaruhusu tiketi ya Avios ya upande mmoja, na ushuru wa abiria wa Uingereza hutozwa kwa safari inayoanzia Uingereza, si kwa ile ya kurudi kutoka Nairobi. Mtu mwenye Avios za kutosha tiketi ya upande mmoja tu anaweza kuzitumia kwa safari ya kurudi, na ya kwenda akailipia kwa fedha taslimu. Ila linganisheni kwanza, kwa sababu tiketi ya kwenda tu kwa fedha taslimu wakati mwingine hukaribia bei ya kwenda na kurudi, na hapo mpango mzima unavunjika.

BintiKisauni aliandika:

Nawashukuru sana. Nina maswali matatu. Je, huo ushuru wa abiria unawahusu pia watoto? Je, zile Avios zangu za zamani zinaweza kuwa zimekwisha muda? Na je, pointi za Clubcard, kadi ya supamaketi ya Tesco, ambazo mume wangu anazo, zinaweza kuunganishwa na hizi?

MamaZuwena_MK alijibu:

Dada, nianze na watoto. Walio chini ya miaka 16 hawatozwi ushuru huo wakisafiri katika daraja la kawaida, kwa hiyo watoto wako wote wawili wamo katika msamaha. Kwa mtu mzima anayekwenda Kenya au Tanzania, ushuru wa daraja la kawaida ulikuwa pauni 90 kuanzia Aprili 2025, na kuanzia Aprili 2026 ni pauni 102. Angalia vizuri mchanganuo wa tiketi za watoto kabla ya kulipa. Jambo hili pia linagusa hesabu ya Tarakimu, kwa sababu ushuru huo haumo hata katika nauli ya fedha ya mtoto.

Avios huisha muda iwapo miezi 36 imepita bila wewe kuzikusanya, kuzitumia wala kuzinunua. Kama muda huo haujatimia, kubadilisha pointi chache tu za Nectar, hata zile 400, kutaamsha akaunti na kuliokoa salio lote. Hilo ndilo badiliko moja ambalo ningekushauri ulifanye hata leo.

Kuhusu Tesco, pointi zake haziendi kwa Avios tena. Mmoja wa washirika wake ni Virgin Atlantic, ambayo ilijiunga na muungano wa mashirika ya ndege wa SkyTeam mwaka 2023, muungano uleule wa Kenya Airways. Kwa hiyo mabwawa hayo mawili hayachanganyiki. Kumbukeni pia kwamba vocha za Clubcard zina thamani maradufu kwa washirika wengi wa Tesco, kama vile mikahawa na sehemu za matembezi. Zamani ilikuwa mara tatu, ikapunguzwa Juni 2023. Familia yenye watoto ikizitumia huko hupata thamani kubwa bila kuwinda kiti cha ndege.

NahodhaWaReading alijibu:

Niongeze mambo mawili madogo. Kama mume wako ana Avios zake, fungueni akaunti ya kaya ya British Airways ili salio zenu lisomeke pamoja. Na kwa wale wa Dar es Salaam na Zanzibar wanaosoma uzi huu, Qatar Airways nayo inatumia Avios tangu 2022, na unaweza kuzihamisha kati ya akaunti hizo mbili ukishaziunganisha.

MzeeWaLeicester alijibu:

Na wakati mnangoja viti vifunguliwe, funga matumizi ya pointi zako katika programu ya Nectar, dada. Pointi 32,000 ni fedha, na wizi wa pointi umeripotiwa mara nyingi. Halafu ulizia mizigo kabla ya kukata tiketi yoyote. Baadhi ya mashirika yanayokwenda Afrika huruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kwa kila abiria, na mengine moja tu. Mtu wa Kisauni haendi nyumbani na sanduku moja.