Mjadala: Fimbo ipigwe marufuku kufundishia maksai?

Mleta mada, Rujewa: Wakuu, msimu wa mpunga unakaribia huku Usangu, na vijana wameanza kuwafundisha maksai kuvuta plau. Ng'ombe anaingia shambani mgongo umevimba. Kijijini kuna wanaotaka sheria ndogo: fimbo hapana, wafundishwe kwa pumba na chumvi. Naunga mkono, wala si kwa huruma tu. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na tuzo, kwenye ubongo wa kima. Mwanzoni zilichachamaa juisi ilipomdondokea mdomoni. Kima alipozoea, zikawa zinachachamaa kwenye ishara inayotangulia juisi. Juisi ikikosekana, zinanywea muda uleule ilipotegemewa. Mnyama anapiga hesabu! Tena kwa panya, mawimbi ya umeme ya kama mara 50 na mara 80 kwa sekunde yamepimwa eneo la tuzo ndani ya ubongo, yakibadilika anapokaribia chakula na anapokipata. Ubongo wenyewe una mdundo wa raha.

Mwalimu wa baiolojia, Iringa: Kwa Schultz tuko pamoja. Huo "mdundo wa raha" ndio siukubali. Mwaka 2017 watafiti waliziba tundu moja la pua la panya, na mawimbi hayo, yanayoitwa ya gama, yakapungua upande uliozibwa, hukohuko eneo la tuzo. Chanzo chake ni gamba la kunusa, yaani sehemu ya ubongo ya harufu, lililo jirani. Umeme unasambaa, waya wa kupimia unanasa hata wa kwa jirani. Sisemi mawimbi hayana kazi, ila usiyajengee sheria ndogo. Ungesema pumba itolewe palepale maksai anapopiga hatua, utafiti wa dopamini ungekubeba. Kule Morogoro panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, wanafundishwa hivyohivyo: kidude kinalia "tik", halafu ndizi.

Mkulima, Mbozi: Mwalimu, huyo panya yuko maabara. Mimi nina maksai wawili kwenye nira moja, tope limefika magotini. Mmoja akigoma akalala, nimpe pumba? Si atajifunza kulala!

Mwalimu wa baiolojia, Iringa: Hapo umenena kuliko sisi wote, mkuu. Akilala hapati kitu. Akiinuka akavuta hatua moja, mpe hapohapo, usingoje mfike mwisho wa shamba.

Mleta mada, Rujewa: Na tusisahau Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo tayari, inakataza kumtesa mnyama. Kijiji kinaongeza tu meno.

Mkulima, Mbozi: Haya. Sasa huyo wa pili aliyesimama muda wote mwenzake amelala, naye anakula lini? Nira ni moja, nikimpa huyu aliyeinuka, yule mwingine anaona. Na hiyo sheria ndogo iseme pumba ananunua nani, maana plau ni ya baba, ng'ombe wa mjomba, fimbo tu ndiyo yangu.