Kurasa tupu za 1916 kwenye kitabu chetu cha ubatizo

KatibuRungwe aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Baraza la Wazee limenipa kazi ya kuandika historia ya ushirika wetu wa Moravian, katika mji mdogo kwenye miteremko ya Rungwe. Nimekabidhiwa karatasi moja yenye orodha ya wachungaji, na sanduku la bati lenye vitabu vya ubatizo.

Kitabu cha kwanza kimeandikwa na Wajerumani. Mistari inakwenda vizuri hadi Mei 1916, kisha kurasa kumi na moja hazina kitu. Halafu unaanza mwandiko mwingine, wa penseli, kwa Kinyakyusa, hauna tarehe hata moja. Nimehesabu majina 43, wengi wao wanawake. Aliyewabatiza hatajwi.

Wazee wananiambia niruke sehemu hiyo. Moyo wangu unakataa. Watu 43 si wachache kwa kanisa la nyasi. Nifanyeje?

Mzee wa Nyaraka alijibu:

Binti yangu, usiruke. Mei 1916 si mwezi wa bahati mbaya tu. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, na kuuteka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kule Nyasaland, ndio waliozitunza stesheni za Wamoravian, hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Stesheni zilikuwa nyingi na Waskoti walikuwa wachache. Nani alipiga kengele Jumapili katika miaka hiyo? Walimu na wainjilisti wenyeji.

Sasa angalia jambo moja. Mwinjilisti hakuwa na ruhusa ya kubatiza. Kwa hiyo mimi nahisi majina yako 43 si ya waliobatizwa. Ni wanafunzi wa ubatizo, waliokuwa wakifundishwa huku wakimsubiri mchungaji afike. Yatafute tena mbele kwenye kitabu.

Na ule mwandiko wa Wajerumani unaitwa Kurrent. Herufi *e* inafanana na *n*, na *u* ina kijimstari juu yake, ukijua hayo mawili utasoma nusu ya majina. *Geb.* ni kuzaliwa, *get.* ni kubatizwa, *gest.* ni kufa.

Mwana wa Ipyana alijibu:

Naongezea. Wamoravian wana desturi ya zamani: muumini huandika habari za maisha yake, nazo husomwa siku ya mazishi yake. Kwa Kijerumani huitwa *Lebenslauf*. Maelfu yamehifadhiwa kwenye nyaraka za kanisa pale Herrnhut, mji mdogo wa Saxony ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila Mjerumani aliyewapokea. Waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka huko. Ukiwaandikia, taja neno Konde, maana ndivyo walivyotuita Wanyakyusa. Kwa miaka ya Waskoti, ulizia Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, na Nyaraka za Taifa za Malawi, Zomba.

Lakini kabla ya barua hizo, nenda kwa wazee wako. Usiwaulize mwaka. Uliza sadaka ilikuwa rupia, ile fedha ya zamani, au shilingi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, basi jibu hilo peke yake linakuonyesha kama ni kabla au baada ya hapo.

KatibuRungwe aliandika:

Mzee, Mungu akubariki. Nilikesha na kitabu jana. Kati ya majina 43, nimeyapata 29 mbele, safari hii kwa wino, na tarehe za ubatizo zipo. Mmoja alisubiri hata akaja na watoto wawili, wakabatizwa siku moja.

Leo jioni nimekwenda kwa bibi mmoja wa miaka 91. Mama yake ni jina la saba kwenye ule ukurasa wa penseli. Nilipomsomea alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nisome tena. Nikauliza habari ya rupia. Akasema mama yake alisimulia kwamba fedha haikuwepo kabisa, watu walileta mayai na ndizi, na mwalimu hakula peke yake, aliwagawia wajane. Huyo mwalimu alifundisha chini ya mti kwa sababu nyumba ya kanisa ilikuwa imeoza paa. Akanitajia na jina lake.

Jina hilo halipo kwenye karatasi ya wachungaji. Nitaliomba Baraza liniruhusu kuanza sura ya pili na yeye, na majina yote 43 yachapwe, hata yale 14 ambayo sijayaona tena. Kesho narudi kwa bibi nikiwa na simu ya kurekodi sauti. Ameniambia niwahi, kabla jua halijawa kali.