Mjadala: Je, ni busara kwa mkazi wa Kusini kununua pikipiki mpya ya Kiitalia yenye jina lililofufuliwa?

Mkazi wa Shangani
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nawasalimu. Naomba mnisaidie kupima jambo ambalo nimekuwa nikiliwaza tangu msimu wa korosho uliopita. Nafanya kazi mjini Mtwara na nina shamba la mikorosho upande wa Newala, hivyo karibu kila mwisho wa juma niko njiani. Nimekusudia kununua pikipiki kubwa na mpya, na iliyonivutia ni Moto Morini X-Cape ya cc 649. Kampuni hiyo ilianzishwa na Alfonso Morini huko Bologna mwaka 1937, ilikuwa imefilisika kufikia mwaka 2010, ikainuliwa tena, na tangu mwaka 2018 inamilikiwa na kampuni ya China iitwayo Zhongneng. Ilipoingia sokoni Ulaya bei yake ilizidi kidogo yuro 7,000, kwa hiyo kabla ya meli, ushuru na VAT ya asilimia 18 tayari tunazungumzia karibu shilingi milioni 20. Ina breki za Brembo, shokapu za mbele za Marzocchi na tangi la lita 18. Swali langu ni hili: je, jina lililokufa kisha likafufuliwa linaweza kuaminiwa na mtu anayeishi mbali na Dar es Salaam kama sisi, au nitafute Kijapani iliyotumika?

Fundi wa Masasi
Kaka wa Shangani, wewe umeanza na historia ya kampuni. Mimi ningeanza na mafuta. Pikipiki hiyo haina kabureta, inatumia nozeli, na nozeli haivumilii uchafu. Unajua mwenyewe kwamba mafuta yakikuishia Mahuta au Kitangari, mara nyingi utanunua petroli ya chupa, ile inayopangwa juu ya meza mbele ya duka. Inua chupa hiyo juani kabla hujamimina: chini utaona vumbi laini limetulia, na mara nyingine tone la maji linalozunguka peke yake bila kuchanganyika. Boxer inakunywa hayo na kuendelea na safari, na ikiziba unafungua kabureta kwa bisibisi na spana namba kumi, unapuliza kwa mdomo, unaondoka. Nozeli ikiziba porini huna la kufanya. Jambo la pili ni tairi. La nyuma lina upana wa milimita 150 kwenye rimu ya inchi 17, nalo ni tubelesi. Sijawahi kuliona katika duka lolote la Masasi, na likichanika ubavuni utasubiri basi likuletee jingine kutoka Dar es Salaam. Sisemi usinunue. Nasema jina lililoandikwa kwenye tangi halitakusaidia siku hiyo.

Mwalimu wa Nachingwea
Fundi, nakuheshimu, lakini hoja ya mafuta ya chupa ni hoja dhidi ya kila pikipiki ya kisasa, iwe Honda au nyingine yoyote. Ndugu yetu ameuliza juu ya majina yaliyofufuliwa, na majina hayo hayafanani hata kidogo. Tazama MV Agusta, ambayo ndiyo iliyompa mkimbiza pikipiki Giacomo Agostini mataji 13 kati ya mataji yake 15 ya dunia. Ilifufuliwa na familia ya Castiglioni katika miaka ya 1990, ikauzwa kwa Harley-Davidson mwaka 2008, ikarudi kwa Castiglioni mwaka 2010, baadaye ikaingia mikononi mwa KTM ya Austria, na KTM ilipozidiwa na madeni mwishoni mwa mwaka 2024 ikalazimika kuiachia tena. Kila umiliki unapobadilika hivyo, anayeumia ni mteja anayesubiri spea. Benelli, jina jingine la Kiitalia, ni habari nyingine. Wachina waliichukua mwaka 2008 au hapo karibu, na tangu hapo haijayumba. Pikipiki yake ya TRK 502 iliongoza mauzo ya pikipiki nchini Italia kwenyewe mwaka 2020 na 2021. Kwa maoni yangu Moto Morini inapita njia ya Benelli, kwa hiyo hofu ya kufa mara ya pili ni ndogo.

Mgeni wa Ligula
Nina mwaka wa pili hapa Mtwara kikazi, na naomba niseme kwa nia njema kabisa. Nimeona kwamba minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, fedha inaingia kwa wingi na kwa muda mfupi, na wengi wanakimbilia chombo cha kuonekana nacho badala ya kitu kitakachozalisha. Milioni 20 na zaidi kwa pikipiki ya kutembelea shambani ni fedha ya kununua bodaboda mpya tano zikakuletea hesabu kila jioni. Vyombo vya Kiitalia havijawahi kuwa vya watu wa kawaida wa huku. Tujifunze kupanga.

Mkulima wa Tandahimba
Kaka wa Ligula, hiyo nia njema yako imeniumiza. Wewe unaiona fedha ya Oktoba kwa sababu ndiyo inayoonekana. Huoni palizi, huoni mwezi wa Juni tunapoamka alfajiri kupuliza salfa kabla upepo haujaanza, ugonjwa wa ubwiri unga usije ukala maua yote, na huoni makato yanayopita kabla fedha haijafika kwenye akaunti ya mkulima. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba, wapo waliokaa miezi mingi bila malipo, na sikumbuki mtu yeyote akiandika wakati huo kwamba watu wa Kusini hawajui kupanga. Mfanyakazi wa ofisini akikopa benki akanunua gari, mnampongeza. Mkulima akinunua pikipiki kwa jasho lake, inakuwa ni ulevi wa korosho.
Na wewe kaka wa Shangani, nimesoma mahali kwamba X-Cape ina uzito wa kilo 213 kabla ya kutiwa mafuta. Ikilala kwenye kichanga cha njia za mashambani jioni, utainyanyua na nani?

Fundi wa Masasi
Dada, huyu bwana hakutukana. Mimi ninaishi na pikipiki zenu. Desemba zinaingia mpya zikiwa bado na nailoni kwenye siti, na ikifika Aprili baadhi yake zinaletwa kwangu injini imekauka kwa sababu mwenyewe hakuwahi kubadilisha oili. Huo ni ukweli wa gereji na siwezi kuuficha.

Mkulima wa Tandahimba
Fundi, na zile zinazobadilishwa oili kwa wakati, zinakuja kwako kufanya nini? Wewe unaona wagonjwa tu, kisha unahukumu wilaya nzima kwa wagonjwa hao. Sikutegemea hilo kutoka kwa mtu wa Masasi.

Mtoto wa Kilwa Masoko
Mimi nashangaa kwamba hakuna aliyetaja gari. Kwa fedha inayozungumzwa hapa mtu anapata IST iliyotumika, anapakia familia na magunia, mvua ikinyesha halowani, na fundi wa IST yuko kila kona. Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika huku Somanga, tulikaa tukitazama foleni ya magari kwa siku kadhaa. Spea ya Kiitalia ingepita wapi? Hata spea ya IST ilikwama, lakini IST ina ndugu zake mjini wa kuazima kifaa.

Mwalimu wa Nachingwea
Ndugu wa Kilwa, aliyeuliza hakuuliza gari. Mtu akitaka pikipiki ukampa gari, hujamshauri, umemkatalia.

Mtoto wa Kilwa Masoko
Mwalimu, kumkatalia mtu hasara ni ushauri.

Mzee wa Mikindani
Vijana, nimewasoma kwa utulivu, lakini kuna sentensi moja ya kijana wa Ligula siwezi kuiacha ipite: kwamba vyombo vya Kiitalia havijawahi kuwa vya watu wa kawaida wa huku. Mwanangu, leo asubuhi umepanda nini kutoka Ligula kwenda sokoni? Kama ulipanda bajaji, umepanda uzao wa Kiitalia. Piaggio ilitoa chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Ape mwaka 1948, kilichobuniwa na Corradino D'Ascanio, yule yule aliyebuni Vespa. Bajaj ya India ilipewa leseni ya Piaggio, ikatengeneza vyombo hivyo kwa miaka ya 1960 yote, na leseni ilipokoma mwaka 1971 ikaendelea kwa jina lake. Nenda Unguja uone Vespa zinavyobeba watu hadi leo, wengine si matajiri hata kidogo. Na Mwalimu, Benelli ilichukuliwa na Qianjiang mwaka 2005. Kampuni hiyo ilianza Pesaro mwaka 1911 kwa fedha ya mama mmoja mjane, Teresa Boni Benelli, aliyetaka wanawe sita wawe na kazi. Huyo naye tumwambie kwamba hakujua kupanga?

Mgeni wa Ligula
Shikamoo mzee. Nakubali historia, lakini bajaji ninayopanda imetengenezwa India na Wahindi, spea zake zinatoka India, na fundi wake amejifunzia mtaani Chikongola. Kuiita ya Kiitalia ni kuipa sifa isiyo yake.

Mwalimu wa Nachingwea
Hapo umeligusa jambo lenyewe, hata kama hukulikusudia. Ikiwa bajaji si ya Kiitalia kwa sababu inaundwa India, basi X-Cape nayo si ya Kiitalia, kwa sababu inaundwa China. Injini yake inatoka kampuni ya China iitwayo CFMoto, silinda mbili sambamba, nguvu ya farasi 60, na mpangilio wake unafanana waziwazi na injini ya Kawasaki ER-6. Kilichobaki Italia ni ubunifu wa umbo, breki, shokapu na jina. Mimi sioni aibu katika hilo. Kwa mtu wa Mtwara ni afadhali injini inayozalishwa kwa wingi China kuliko ile injini ya zamani ya Morini ya 3½ ya mwaka 1973, ambayo ilisifiwa na kila mjuzi na ambayo leo utaitafutia pistoni kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Mzee wa Mikindani
Marahaba. Mwalimu, sasa unasema jina halina thamani. Kama ni hivyo, kwa nini Zhongneng ilitoa fedha kulinunua? Jina ni ahadi. Mtu anayetumia jina la marehemu ana deni kwa marehemu na kwa mnunuzi pia. SWM, kampuni nyingine ya pikipiki ya Kiitalia, ilifungwa mwaka 1984, ikarudishwa mwaka 2014 katika kiwanda kilichowahi kuwa cha Husqvarna pale Biandronno, ikaanza na injini za Husqvarna zilizokwishathibitika. Huko ndiko kufufua kwa heshima: wafanyakazi wanaoijua kazi, injini inayojulikana. Ningependa kuona Morini inapimwa kwa kipimo hicho.

Fundi wa Masasi
Mzee wangu, hapo tumekutana. Tena injini ya CFMoto kwangu ni habari njema kuliko breki zote hizo, kwa kuwa injini ya ukubwa huo huo imefungwa katika pikipiki za CFMoto zenyewe, na chujio la oili au plagi havina haja ya kusafiri kutoka Italia. Ninachohofia ni vile vya Morini peke yake: kioo cha dashibodi, plastiki za ubavuni, taa ya mbele. Pikipiki ikianguka mara moja, taa imekwenda, na ukiwa huna taa saa moja jioni karibu na Mnivata umekwama.

Mkazi wa Shangani
Nimesoma kila neno, na naomba turudi kidogo kwenye uamuzi, ingawa yaliyosemwa juu ya mkulima yamenigusa na mimi, kwa sababu fedha hii nayo imetoka kwenye mikorosho ya mama yangu na kwenye mshahara wangu kwa pamoja. Sitanunua bodaboda tano. Nimeona watu wakipoteza ndugu kwa ugomvi wa hesabu ya jioni, na sitaki biashara hiyo. Nitamwandikia wakala, na nitataka anijibu kwa maandishi kabla sijalipa hata shilingi: bei ya tairi la nyuma, nozeli na taa ya mbele vikifika Mtwara, mahali palipo na mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta yake, na kama garantii inavunjika fundi wa Masasi akifungua injini. Asipojibu hayo matatu, nitachukua Kijapani iliyotumika.

Fundi wa Masasi
Ongeza la nne. Aseme kama chujio la petroli linabadilishwa peke yake au ni sehemu ya pampu ndani ya tangi. Kama ni la ndani, nunua pampu ya akiba siku ile ile unayonunua pikipiki, na ujiwekee sheria ya kujaza tangi Mtwara na Newala tu. Lita 18 zinakutosha kwenda na kurudi bila kugusa chupa.

Mgeni wa Ligula
Dada wa Tandahimba, sikukusudia kumdhalilisha mkulima. Nilizungumzia matumizi ya fedha, jambo linaloweza kusemwa juu ya mtu yeyote.

Mkulima wa Tandahimba
Linaweza kusemwa juu ya yeyote, lakini ulilisema juu yetu. Tuliache hapo kwa leo.
Kaka wa Shangani, hujanijibu kuhusu uzito. Kutoka barabara kubwa hadi shambani kwenu ni kichanga au ni udongo mwekundu?

Mkazi wa Shangani
Ni kichanga, dada, karibu njia yote ya ndani.

Mkulima wa Tandahimba
Basi itaishia barabarani. Tafuta nyumba ya mtu unayemwamini pale njia inapochepuka, uilaze hapo, na ndani uingie kwa Boxer ya kukodi au kwa miguu. Gharama hiyo nayo iandike kwenye hesabu yako kabla hujamwandikia wakala.