Naombeni ushauri: kayaki gani ya kukodi Michamvi, ya plastiki au ya kujaza upepo?

Mnyaturu_Baharini

Wakuu habari za muda huu. Mwezi wa nane tunaenda Zanzibar siku tano, mimi, mke na kijana wetu wa miaka tisa, tumepata chumba Michamvi Kae, ule upande wa kutazama jua likizama. Mke kang'ang'ania tukodi kayaki tuzunguke kwenye mikoko, yeye ni mtu wa Tanga kaogelea toka hajajua kusoma, mimi ni wa Singida bahari nimeijua ukubwani, naogelea ile ya kujiokoa tu.

Nimepewa machaguo matatu. Ya kwanza ni ya plastiki ya mtu mmoja mmoja, ya pili plastiki ya watu wawili ina kikalio cha mtoto katikati, ya tatu ya kujaza upepo ya watu wawili, hii ndo rahisi kuliko zote na jamaa anasema tunaweza kuibeba kwenye gari tukapiga nayo popote. Kilo zetu ni 96, 78 na dogo 28. Nichukue ipi?

KafiMoja

Hiyo ya upepo achana nayo mkuu. Inakaa juu ya maji kama puto, haina uzito wa kushika maji, kwa hiyo upepo kidogo tu inageuka mbele nyuma. Mwaka juzi nilikodi moja, sehemu siitaji, kwenda raha mustarehe, kurudi napiga kafi mpaka mabega yanawaka moto naangalia ufukweni mnazi ni ule ule, sisogei. Mwisho nikavutwa na wavuvi, aibu yangu yote. Kwenye bwawa la hoteli sawa. Mwezi wa nane ni kusi hilo, upepo wa kutoka kusini, bado lina nguvu.

bintiKae

Naongezea hapo kwa kaka KafiMoja maana mimi ni wa huko huko. Wageni Kae wanadanganywa na kitu kimoja: kusi likivuma linatokea nyuma yako, nchi kavu, kwa hiyo ufukweni pale maji yametulia kama ya kwenye beseni. Unasema leo bahari shwari. Ukitoka mita mia mbili tatu, kinga ya miti imeisha, unaanza kusukumwa kuelekea upande wa Uroa, kule ng'ambo ya ghuba, na kurudi ni kupambana na upepo usoni. Kwa hiyo msitoke katikati ya ghuba, ambaeni na ufukwe kuelekea kusini kwenye mikoko.

Halafu kaka angu tarehe umeangalia? Simaanishi za kalenda ya ukutani, namaanisha za mwezi. Bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakuwa yamekupwa saa nne asubuhi na yanajaa saa kumi jioni, sasa nyie mtatoka asubuhi mkute mchanga na majani ya bahari, mburute plastiki hilo kama jeneza. Nendeni mwezi wa tarehe nane tisa hivi, maji mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, kujaa kunaangukia kwenye saa nne asubuhi na mkondo hauna fujo. Mnaingia saa mbili maji yanapanda yanawapeleka wenyewe kwenye mikoko, saa tano yakianza kutoka yanawarudisha Kae, na upepo haujachachamaa sana. Mkiona vijiti vimepangwa mistari ni mashamba ya mwani ya kina mama, zungukeni, msipite juu ya kamba zao.

mama_wawili

Mtoto 28 + 96 + 78 ni kilo 202. Kayaki nyingi za watu wawili zimeandikwa kilo 200 na kitu, na hizo ni za mwisho kabisa, si za kuendeshea vizuri. Ukizijaza zote inazama kidogo, maji yanapandia kwenye yale matundu ya kutolea maji mnakaa mmelowa makalio safari nzima na inakuwa nzito kugeuka. Acha robo au theluthi ya uzito wazi. Kile kikalio cha katikati ni cha wazazi wembamba, tusidanganyane 😂

Mnyaturu_Baharini

Duh, nimechekwa hadi uzito. Kwa hiyo tuchukue mbili? Mke apige ya peke yake mi na dogo ya wawili?

KafiMoja

Hapana bana, hujui kuogelea vizuri halafu ubebe mtoto? Dogo akae mbele, mama yake nyuma, mzito siku zote nyuma ndo anayeongoza. Kilo 106, hiyo kayaki itaenda kama samaki. Wewe chukua nyingine ya watu wawili na kijana wa pale kijijini anayejua mkondo, kaa mbele uwe abiria. Usione haya.

bintiKae

😂😂 Ni kweli lakini. Na zote ziwe zile za kukaa juu, wazi, siyo zile za kuingiza miguu ndani, ikipinduka unapanda tena bila kuanza kumwaga maji.

mzee_wa_ngalawa

Kabla hujatoa hela iinue upande mmoja usikilize. Ukisikia maji yanacheza ndani imetoboka au kizibo cha nyuma kimelegea, kataa. Tazama tumbo lake, palipochakaa mpaka panaonesha weupe pamekwisha. Kafi lifungwe kamba, likidondoka umekwisha. Boya la kuvaa la mtoto liwe la mtoto, mvalishe umvute mabegani, likipanda masikioni ni kubwa. Na muombe akuache ujaribu dakika kumi pale pale kina cha magoti, akikataa nenda kwa mwingine, wapo.

Mnyaturu_Baharini

Nimewaelewa wakuu, shukran sana. Nimehesabu mwezi, tarehe nane inaangukia siku yetu ya tatu, tutasubiri. Mke kasoma uzi wote, kashikilia pale pa abiria, ameshawatumia na wakwe. Swali la mwisho, viatu vya maji vinauzwa Darajani au nitoke navyo Kariakoo?

bintiKae

Toka navyo. Namba yako huku hutaipata.