Tupeane uzoefu: kubadilisha raki ya stelingi inayovuja kwenye gari la miaka mingi

Spana_17
Wakuu, uzi huu ni wa raki za haidroliki, zile za pampu na mafuta. Raki ni ile fimbo yenye meno ndani ya nyumba yake, inayosukuma magurudumu kulia na kushoto ukizungusha usukani. Tuweke hapa yale yanayomkwamisha mtu akiwa chini ya gari, na hasa kwa nini raki iliyofungwa juzi huanza kuvuja tena.

Chini ya Gari
Hakikisha kwanza kwamba ni raki. Mafuta hutambaa, hivyo mahali yanapodondokea mara nyingi sipo yanapotokea. Osha raki, mabomba na pampu, acha vikauke, washa injini, mwenzako akate usukani kulia hadi mwisho kisha kushoto, wewe ukimulika na tochi. Asiushikilie mwishoni zaidi ya sekunde 5, maana pale presha iko juu kabisa na mafuta hupata moto haraka.

Halafu legeza klipu ya buti, ule mpira wa mikunjo pembeni ya raki. Buti ikimwaga mafuta, sili ya ndani, mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekwisha. Angalia zote mbili, kwa sababu magari mengi yana kibomba chembamba cha hewa kinachoziunganisha na mafuta huweza kuhamia upande wa pili. Ukiona unyevu juu, shafti ya usukani inapoingilia, hiyo ni sili ya pinioni, gia ndogo inayoisukuma raki. Raki ikiwa kavu kote, rudi kwenye hosi ya presha.

Tairodi
Wengi huuliza: sili peke yake au raki nzima? Jibu liko kwenye chuma. Vua buti ya upande usio na meno, kata usukani mpaka fimbo ya raki itokeze nje, ifute ing'ae, kisha pitisha ukucha taratibu kwa urefu wake. Ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, usinunue sili. Kila ukikata kona vishimo hivyo vitapita juu ya mdomo wa sili mpya na kuuchana. Kutu hiyo kwa kawaida huletwa na buti iliyopasuka ikaingiza maji na tope, ndiyo maana buti iliyochanika ni ya kubadilisha mara moja, hata kama bado hakuna tone.

Dawa za kuzuia kuvuja zinazomiminwa kwenye kopo la mafuta ya usukani huvimbisha mpira wa sili kwa muda. Fimbo yenye kutu haziisaidii chochote.

Fundi Mpole
Kutoa raki: nyoosha magurudumu, ondoa funguo, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke. Hili msilipuuze. Gari lenye mfuko wa hewa lina utepe wa umeme nyuma ya usukani. Shafti ikishaachanishwa na raki, usukani ukizungushwa ovyo utepe hukatika.

Weka gari juu ya stendi, si jeki peke yake. Piga alama ya rangi kwenye jointi ya shafti na pinioni. Bolti ya jointi hiyo itoe yote, kwa kuwa kwenye magari mengi hupita ndani ya mfereji wa pinioni. Ukiilegeza tu, utavuta mpaka uchoke. Legeza nati ya kufungia ya tairodi, kile kiungo cha kati ya raki na gurudumu, ingali kwenye gurudumu. Kuchomoa tairodi tumia puli, au gonga ubavu wa mkono inapokaa, usigonge nyuzi.

Mabomba yafungue kwa spana maalumu ya nati za bomba, ile yenye mdomo uliokatwa. Spana ya kawaida huviringisha kona za nati zilizoshika kutu. Ziba ncha zote papo hapo. Kwenye baadhi ya magari lazima krosimemba, chuma kipana cha chini ya injini, ishushwe kidogo ndipo raki ipite. Shikilia injini kabla ya kugusa bolti za krosimemba.

Tairodi
Naongeza hapo kwa Fundi Mpole. Wengi huhesabu mizunguko wakiifungua tairodi, ili waifunge pale pale. Hilo halitoshi kama raki mpya imekuja na rakiendi zake, zile fimbo za pembeni zinazoshika tairodi, maana urefu huweza kutofautiana. Laza raki mbili, ya zamani na mpya, sambamba, pima kutoka katikati ya boli ya tairodi hadi ukingo wa nyumba ya raki. Raki mpya iweke katikati: izungushe mwisho hadi mwisho, tuseme mizunguko 3, kisha rudisha 1½. Ukiifunga nje ya kati, gari litakata kona zaidi upande mmoja.

Chini ya Gari
Sasa lile swali la Spana_17. Mafuta ya zamani ni meusi kwa unga wa chuma na mpira wa hosi unaomomonyoka kwa ndani. Ukiyaacha, unga huo unaingia kwenye sili mpya. Toa hosi ya kurudisha, iweke kwenye chupa, ziba tundu lake kwenye kopo, zungusha usukani injini ikiwa imezimwa huku unaongeza mafuta mpaka yatoke safi. Lita 2 huwa zinatosha. Badilisha oringi (pete za mpira) au washa (pete) za shaba kwenye kila bomba. Fuata maandishi ya kifuniko cha kopo: kuna magari ya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki), na kuna yenye mafuta yao maalumu; usichanganye.

Fundi Mpole
Kutoa hewa: magurudumu ya mbele juu, injini imezimwa, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, ukijaza kopo. Ndipo uwashe. Mafuta yakitoa povu au pampu ikilia, zima, subiri povu lishuke, rudia. Pini ya tairodi isipolingana na tundu, kaza nati mbele kidogo, kamwe usiilegeze. Kabla ya kukaza nati ya kufungia, angalia buti haijajisokota. Kisha gari liende alaimenti, kunyooshwa magurudumu, na kama lina mfumo wa kuzuia kuteleza, sensa ya pembe ya usukani iwekwe sifuri upya.