Mwalimu wa udereva naitwa nikafundishe Msimbati: niende na gari, au wao waje mjini?

MwalimuUsukani

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa watu wa kusini na walimu wenzangu wa udereva.

Nafundisha shule ya udereva hapa Mtwara mjini. Vijana wa Msimbati wamejikusanya, pamoja na akina mama wanaofanya biashara ya samaki, wananiomba nikae kwao wiki kadhaa niwafundishe hukohuko. Hoja yao naielewa. Kutoka Msimbati hadi mjini ni kilomita 40 na ushee. Mtu akipanda gari kwenda na kurudi kila siku kwa somo la saa moja, nauli inaipita ada. Vijana wengi tayari wanaendesha pikipiki bila leseni na wamechoka kukimbizana na trafiki. Mwenyekiti wa kijiji amekubali, na pa kufikia pameshapatikana.

Mnaoijua Msimbati mnajua palivyo: minazi, upepo, na ule ufukwe ambao maji yakitoka gari linapita juu ya mchanga kama liko lami. Natamani sana kwenda. Kinachoninyima usingizi ni kwamba aliyejifunza Msimbati mwanzo mwisho hajawahi kukutana na kipilefti, wala lori la makaa ya mawe linaloelekea bandarini, wala bajaji inayokata mbele yako bila indiketa. Gia atazijua, rivasi ataijua, kuparki ataparki vizuri. Akiingia mjini mara ya kwanza je? Nimewahi kumwona dereva mgeni barabarani akiachia usukani na kufumba macho kwa sababu tu honi ya lori imelia nyuma yake. Sitaki mwanafunzi wangu awe yule.

Gari la mafunzo ni dogo, la gia, lina pedali ya breki upande wangu. Niende au nikatae? Nikienda, nipange vipi? Na akina mama niwafundishe namna gani bila kuzua maneno kijijini?

Mwana wa Ruvula

Mwalimu, huko ndiko kitovu changu kilikozikwa. Nenda, watakupokea vizuri.

Ila ufukwe usiupangie ratiba ya saa moja kila siku. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kutoka sana, maji yanatoka mbali asubuhi, kuelekea saa nne, na saa kumi jioni yanakuwa yamejaa mpaka juu. Kesho yake yanachelewa karibu saa nzima, hivyo hivyo kila siku. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo tu, ule mchanga mgumu unabaki ukanda mwembamba, utajikuta unageuza gari kwenye mchanga laini. Waulize wavuvi, wao hawakosei.

Jambo la pili naliomba kwa moyo wote. Eneo lile ni hifadhi ya bahari tangu 2000, na kasa wanapanda kutaga. Tairi likipita juu ya kiota linashindilia mchanga, na michirizi ya matairi vitoto vya kasa vinatumbukia humo vikashindwa kufika majini. Ongea na watu wa hifadhi kabla hujapeleka gari ufukweni. Wakisema hapana, iwe hapana.

FundiGereji

Mimi ufukwe naukataa kabisa, kasa wawepo wasiwepo. Anayeanza hajui nusu klachi, yaani kuiachia taratibu mpaka gari lianze kuvuta. Kwenye mchanga laini tairi linazunguka palepale, yeye anazidi kukanyaga mafuta huku mguu wa kushoto umening'inia katikati ya pedali. Ukisikia ile harufu ya kuungua, klachi pleti imeanza kwenda. Pleti utaitoa wapi Msimbati? Halafu chumvi ikiingia chini ya bodi haionekani leo, inaonekana mwakani bomba la breki likitoboka.

Tafuta uwanja wa mpira wenye udongo mgumu. Chomeka vijiti, funga matambara, hapo rivasi na kuparki utafundisha mpaka uchoke. Na ukiishi karibu na bahari, lioshe gari chini kwa maji baridi ya kisima, usisubiri mpaka urudi mjini.

Bi Mkubwa wa Lindi

Mwanangu, hilo la akina mama umefanya vizuri kuliuliza kabla ya safari. Wafundishe wawili wawili. Mmoja kwenye usukani, mwenzake kiti cha nyuma, kisha wanabadilishana. Hakuna mke wa mtu atakayeonekana peke yake garini na mwanamume, na yule wa nyuma anajifunza kwa kuangalia makosa ya mwenzake. Kabla hujaanza, kaa na waume zao na wazee, waeleze wazi. Hata wanaokuunga mkono wanapenda kuambiwa mapema.

Na viatu! Wengi watakuja na kandambili. Ile ya plastiki inateleza na kujibana chini ya pedali. Bora aendeshe peku. Baibui nalo liinuliwe lisifunike miguu, mwambie kwa heshima kabla hajapanda.

Saa ambazo madau yanaingia usimwite mtu wa samaki kwenye somo. Hatakuja, na akija akili yake iko pwani.

Juma wa Kipilefti

Walete mjini tu mwalimu, unajisumbua.

Dereva Mstaafu

Juma, wakiletwa mjini watakuja watatu wenye uwezo, waliobaki wataendelea na pikipiki bila leseni. Hatutakuwa tumesaidia chochote.

Mwalimu, hofu yako ni ya haki, ila kijiji na mjini usivione kama vitu viwili vya kuchagua. Kijijini mwanafunzi apate mikono na miguu: kuondoka bila kuzima, kubadili gia bila kuiangalia, vioo, kusimama pale anapokusudia. Hapo utulivu wa Msimbati ni faida, maana mtu anayeogopa klachi hawezi kuona barabara. Akishaacha kuiogopa, mtoe.

Na kumtoa kwenyewe ni somo. Hizo kilomita 40 na ushee ndizo darasa lako la barabara. Panga wanafunzi watatu ndani ya gari, huyu aanze kutoka kijijini, wa pili apokee Madimba, wa tatu aingie mjini. Wana barabara ya vumbi, kijiji chenye watoto na mbuzi pembezoni, kibao cha 50, kisha magari makubwa. Mkifika mjini waende sokoni asubuhi watu wakiwa wamejaa, kisha Mikindani wakafundishwe kusimama mlimani na kuondoka kwa breki ya mkono bila gari kurudi nyuma. Jioni mnarudi, na kila mmoja anaendesha kipande ambacho asubuhi hakukiendesha.

Usisahau, barabarani hakuna kushika usukani bila lena, ile leseni ya kujifunzia, na lena ina muda wake. Kila mtu awe nayo mkononi kabla hujaondoka mjini, na herufi L iwe mbele na nyuma. Wale vijana waambie ukweli pia: leseni ya gari daraja D haimpi mtu ruhusa ya pikipiki, hiyo ni daraja A. Na asidhani anatoka kwenye lena anaingia moja kwa moja kubeba abiria.

KoroshoSafi

Nenda Juni hadi Agosti. Mvua hakuna. Ukichelewa, watu wako mashambani wanaokota korosho, na kuanzia Desemba barabara inaharibika. Shida ni kwamba miezi hiyo mifuko mitupu, pesa inakuja minada ikianza Oktoba. Chukua nusu ya ada mwanzoni, nusu iliyobaki iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji ilipwe baada ya mnada. Mafuta ya gari lakini yasiwe deni, yakatwe kwenye ile nusu ya kwanza.

MwalimuUsukani

Wakuu, Mungu awabariki. Bi Mkubwa, shikamoo, hilo la wawili wawili nimelichukua lilivyo. Mwana wa Ruvula, ufukwe nimeuacha, nitakwenda kupunga upepo kwa miguu. Fundi, uwanja upo na udongo wake mgumu.

Nitakwenda Juni. Nimeongea na mkuu wa shule yetu, tumekubaliana kwamba hakuna mwanafunzi wa Msimbati atakayepelekwa kwa trafiki kufanya mtihani kabla hajaingia mjini na kutoka zaidi ya mara moja, tena moja ya safari hizo iwe saa za malori. Ikimchukua mtu wiki mbili zaidi ya wenzake, nitakaa naye. Naandika ratiba ya watatu watatu usiku huu.

Mwana wa Ruvula

Mwalimu, nina mdogo wangu anafanya kazi Kilwa, anarudi nyumbani Juni. Una nafasi?

MwalimuUsukani

Ipo moja. Mwambie akate lena, aje na viatu vya kufunika vidole.